Mtego Ndani ya Bahasha

Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London. Baadhi ya waliozipokea walikuwa wasomaji wa gazeti la mambo ya kompyuta, wengine walikuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu Ukimwi. Lebo ilisema ndani mna habari za Ukimwi. Na kweli zilikuwamo! Programu ilimuuliza mtu maswali juu ya mwenendo wake, kisha ikamweleza amekaribia hatari kiasi gani. Katika miaka ile ya hofu, nani angeitupa? Mimi nisingeitupa.

Kumbe ndani yake mlikuwa na kitu kingine, kikihesabu kimyakimya. Kompyuta ilipowashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na mafaili yenyewe yakafichwa. Ndipo mwenye kompyuta alipodaiwa dola 189, zipelekwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Wataalamu huita programu ya aina hii farasi wa Troya, kwa kumkumbuka yule farasi wa mbao wa hadithi, aliyeingizwa mjini kama zawadi huku askari wamejaa tumboni.

Linaloniudhi zaidi ni hili: karatasi ya masharti iliyofuatana na disketi ilitamka wazi kwamba asiyelipa, programu zake nyingine zitadhurika. Onyo lilichapwa. Lakini nani kati yetu husoma masharti?

Mwingereza Jim Bates aliichambua programu hiyo akakuta yaliyoandikwa ndani ya mafaili hayakuguswa, ni majina tu. Akatengeneza dawa yake. Waliokwisha kufuta kila kitu kwa woga ndio waliopoteza kazi zao, tena kwa mikono yao wenyewe.

Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, Mmarekani, msomi wa Harvard aliyewahi kuchunguza nyani hapa jirani, Kenya. Alianza kutiliwa shaka mwezi uleule kwenye uwanja wa ndege wa Amsterdam, akitokea Nairobi. Alikamatwa kwao Marekani, na mwaka 1991 akapelekwa Uingereza. Alidai fedha zile zilikuwa za kusaidia utafiti wa Ukimwi. Jaji akaona akili yake haimruhusu kusimama kizimbani, akarudishwa kwao. Kesi ya London haikusikilizwa kamwe.