Mwokozi anayelala ndani ya diski

Nimerudi kampasi toka BTP, Dumila, ile njia panda ya Kilosa yenye nyanya na vitunguu. Kule mwalimu mwenzangu aliona kwenye menyu ya kuwashia laptopu yangu kuna mstari "uokoaji", akauliza: CD yake iko wapi dada? Hakuna CD. Ni faili moja tu, limekaa kwenye diski ileile. Basi ngoja niwape historia yake, maana azimio la kazi, maandalio ya somo na maksi zote zimo humo, na Linux haichagui siku ya kugoma.

Zamani mwokozi alibebwa mkononi. Miaka ya 1990 kulikuwa na tomsrtbt, Linux iliyobanwa kwenye diskete moja! Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, inayowaka toka kwenye CD. 2003 ikaja SystemRescueCd. Kupakua CD nzima huku kwetu ilikuwa kazi ya kukesha, kebo ya SEACOM yenyewe imefika Dar Julai 2009.

Sasa kwa nini watu hawakuliwasha lile faili hukohuko kwenye diski? Kikwazo kilikuwa programu ya kuwashia. LILO, ya 1992, haikujua kusoma mafaili. Ilikariri tu namba za mahali kernel ilipo, kama mwanafunzi aliyekariri majibu: hamisha kernel, kakwama. GRUB ya Erich Boleyn, 1995, ikasoma mafaili yenyewe. Halafu GRUB 2, iliyokuja na Ubuntu 9.10 mwaka 2009, ikawa na amri ya loopback: inafungua faili la ISO kana kwamba umeingiza CD, inachukua kernel na initrd ndani, inawasha.

Wengi hunasa hapa. Kernel ikishawaka, GRUB imeshaondoka na loopback yake. Lazima mfumo uambiwe upya faili liko wapi: Ubuntu kwa iso-scan/filename, Grml kwa findiso, SystemRescue (jina lake tangu 2020) kwa img_loop. Ukitaka kukarabati kizigeu kilekile chenye faili, kwa SystemRescue ongeza copytoram, mfumo uhamie kwenye RAM kwanza. Hutengenezi kitanda umekilalia, teh teh!

Diski yenyewe ikifa, mwokozi kafa nayo. Maksi zangu zipo kwenye flashi pia.