Gari inachemka: kutoa termosta si dawa

Gari ikichemka njiani, siku hizi watu wengi hawaite fundi kwanza. Wanapiga picha ya moteri, wanaituma kwenye kundi la WhatsApp la wenye magari, na mashauri yanaanza kuingia. Goma, Bukavu na Butembo, makundi haya yanasaidia mtu kujua jina la piesi na bei yake mbele ya kufika garaji. Hilo si jambo dogo. Lakini kuna shauri moja linalorudi kila mara: toa termosta, tupa.

Termosta ni kama mlango mdogo kati ya moteri na radiatere. Ndani yake kuna nta. Moteri ikiwa baridi, mlango unafungwa ili ipate joto mbio. Maji yakifika digrii 82 ao 88 hivi, kufuatana na gari, nta inayeyuka na kuvimba, mlango unafunguka, maji yanaenda kupozwa. Ikikwama imefungwa, moteri inachemka kweli. Fundi akiitoa, gari inapoa, mwenyewe anafurahi na anawaambia wengine.

Shida ni kwamba moteri bila termosta inakawia kupata joto, inakula mafuta mengi na inachakaa haraka. Tena, kama ugonjwa ulikuwa radiatere iliyoziba, pompi ya maji ao feni, umefichwa tu. Utajitokeza siku gari imebeba mzigo, inapanda Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu. Hapo kichwa cha moteri kinapinda, jointi ya kilasi inaungua, na feza ya kutengeneza si ya mchezo.

Kuna piesi moja ndogo ambayo watu wanaisahau: kifuniko cha radiatere. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Huku maji yanachemka kwa digrii 95 hivi, si 100 kama Mombasa, na mtu wa Mombasa anayejibu kwenye kundi hawezi kufikiri hilo. Kifuniko kizima kinakandamiza maji yasichemke mpaka yapite digrii 110. Mpira wake ukichoka, gari itachemka hata termosta ikiwa mpya. Bei yake ni ndogo, basi heri kuanzia hapo. Lakini kisifunguliwe moteri ikiwa moto, juu maji yanaruka usoni na kuunguza.

Maji nayo yaangaliwe. Ya ziwa Kivu yana chumvi inayogandamana ndani ya radiatere. Yale ya radiatere yanayouzwa ndiyo mazuri.

Kupima termosta ni rahisi. Itiwe ndani ya sufuria ya maji baridi, ipashwe kidogo kidogo. Ikianza kufunguka mbele maji yachemke, iko nzima, irudishwe. Ikibaki imefungwa, hiyo ndiyo ya kutupa, na mpya yenye digrii zilezile iingie pahali pake.