Kivu ndani ya mazabodi: koltani iliyosifiwa na bati lililosahauliwa

Kila inapotajwa Goma pamoja na kompyuta, hadithi ni ile ile: Sony ilitoa PlayStation 2, dunia ikaililia koltani, Kivu ikawaka. Wapo wanaoviita kabisa vita vya huko vita vya PlayStation. Kutoka hapo mwandishi huruka hadi kompyuta ya mezani, akasema mazabodi yake imejaa koltani ya Masisi, na habari imekwisha. Lakini vita hivyo vilianza Agosti 1998. PlayStation 2 iliingia madukani Japani Machi 2000. Hilo peke yake lingetosha kuuzika usemi huo, lakini haufi.

Bei ndiyo yenye historia. Ratili ya tantaliti, madini ya koltani yenye tantali, iliyokuwa ikiuzwa makumi machache ya dola ilikaribia 300 kabla mwaka 2000 haujaisha. Viwanda vya simu na vya kapasita viliagiza kupita mahitaji kwa hofu ya kukosa, huku mchimbaji mkubwa, Sons of Gwalia ya Australia, akiwa ameshaiahidi sehemu kubwa ya mali yake kwa mikataba ya muda mrefu. Soko lililobaki wazi lilikuwa dogo, na makontwari ya Goma, yaani nyumba za kununua na kuuza madini, yaliuza humo. Novemba 2000 RCD-Goma, kundi la waasi lililoshika mji, ikaipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kuuza koltani nje. Bei ikaporomoka, na miezi michache baadaye ukiritimba ukafutwa.

Kila mtu hunukuu ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001. Mimi ningeanza na uchunguzi wa Pole Institute, taasisi ya hapa hapa Goma, uliotoka Januari 2002, mwezi ule ule lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopasua katikati ya mji. Waandishi wake waliwasikiliza watu wa Kivu wenyewe. Humo koltani si laana iliyotupwa na watoto wa Tokyo, ni riziki iliyokuja baada ya vita kumaliza ng'ombe wa watu. Uchunguzi huo hauwatakasi wenye bunduki, ila hauwageuzi wachimbaji kuwa vivuli.

Sasa tufungue kasha. Kapasita ya tantali hupendwa kwa kuwa ni ndogo na imara, ndiyo maana simu ziliigombania. Kompyuta ya mezani haikuwa na shida ya nafasi. Kuzunguka soketi ya prosesa viwanda vilisimamisha vikopo vya alumini vyenye elektroliti ya majimaji, kwa sababu ni vya bei nafuu. Na ndivyo vilivyoleta balaa: tangu 1999 hivi hadi 2007, kapasita zisizohesabika, nyingi za Taiwan, zilivimba na kuvuja. Dell peke yake ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizoharibika.

Fundi anayepokea mashine ya mtumba ya kizazi hicho anaijua dalili: feni inazunguka, skrini giza. Anachomoa RAM moja moja, anatoa betri ya CR2032 ili BIOS irudi kwenye mipangilio ya kiwanda, anasikiliza milio. Kisha anainamisha taa. Kichwa cha kikopo kilichopaswa kuwa bapa kimetuna, na pembeni kuna ukoko wa kahawia. Anaking'oa na kuweka kingine chenye maikrofaradi zile zile na volti isiyopungua, akichunga upande wa hasi. Sijaona historia ya teknolojia ya Kongo iliyomtengea hata aya moja.

Miaka hiyo hiyo vijana wa Marekani na Ulaya walishindana kupandisha kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwanda. Kipenzi chao kilikuwa Celeron 300A ya 1998: kasi ya basi la mfumo ikipandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ya 300 inakimbia 450. Sifa zote zilienda kwa prosesa, lakini mzigo ulibebwa na vikopo. Joto hupanda pamoja na kasi, na kwa mraba wa volti. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa kapasita ya alumini hukatika karibu nusu. Goma, kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 15, na feni ile ile hubeba joto pungufu. Ongeza umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaokatika na kurudi kwa kishindo, na jenereta za kila mtaa. Mwenye akili hapa hushusha volti.

Anayetaka kweli kuikuta Kivu ndani ya mazabodi ya mezani aangalie bati la solda. Solda ya zamani ilikuwa bati asilimia 63 hivi, iliyobaki risasi. Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi Julai 2006, solda mpya ikapita asilimia 95 za bati. Huko Walikale, mgodi wa Bisie ulikuwa umeshaanza kazi. Wabebaji walivuka msitu na kasiteriti, mawe yanayotoa bati, mgongoni, na ndege ndogo zilizotua juu ya barabara kule Kilambo ziliileta Goma.

Januari 2014, mkuu wa Intel, Brian Krzanich, alitangaza Las Vegas kwamba maikroprosesa za kampuni hiyo zimeachana na madini ya vita. Alisema maikroprosesa. Mazabodi, pamoja na solda yake yote, haikuwamo kwenye tangazo.