Gwaride la maua la Pasadena lilivyoanza na magari ya farasi

KILA Mwaka Mpya, mji wa Pasadena, katika jimbo la California nchini Marekani, hufanya gwaride la maua ambalo mamilioni ya watu hulitazama kwa televisheni. Yanayopita barabarani siku hizi ni majukwaa makubwa yanayoendeshwa kwa injini. Hata hivyo, sherehe hiyo ilianza na magari madogo ya kukokotwa na farasi, na kanuni moja iliyowekwa kwa ajili ya farasi hao ingali inafuatwa.

Gwaride la kwanza lilifanyika Januari 1, 1890. Waandaaji walikuwa Valley Hunt Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1888 na wakazi wenye uwezo, ambao wengi wao walikuwa wamehamia huko kutoka majimbo ya mashariki na ya kati. Walikotoka, Januari ni mwezi wa theluji. Pasadena, mwezi huohuo, waridi huchanua na michungwa huzaa. Profesa Charles Frederick Holder, mtafiti wa viumbe, na wenzake waliona kuwa tofauti hiyo ndiyo inayofaa kutangazwa.

Mfano ulikuwapo Ulaya. Katika mji wa Nice, Ufaransa, tangu mwaka 1876 palikuwa na "Vita vya Maua", ambapo watu walipita ufukweni katika magari yaliyopambwa huku wakirushiana maua.

Huko Pasadena, wanachama waliyapamba magari yao wenyewe kwa mamia ya maua mabichi, kisha wakapita mjini kwa msafara. Zaidi ya watu 2,000 walijitokeza. Baada ya msafara ilifuata michezo: mbio za miguu, kuvuta kamba, na shindano la wapanda farasi waliojaribu kutungua pete kwa mkuki huku farasi wakitimua mbio. Shindano hilo la pete ndilo lililoipa sherehe jina lake, Mashindano ya Waridi.

Haukupita muda mrefu sherehe ikaizidi nguvu klabu. Mwaka 1895 iliundwa jumuiya maalumu ya kuiendesha, na hivyo jambo lililoanzishwa na watu wachache wenye magari na bustani likawa mali ya mji mzima.

Farasi nao hawakudumu katika nafasi yao. Mwaka 1901 magari ya injini yaliruhusiwa kushiriki kwa mara ya kwanza, lakini kwa sharti la kukaa mwisho kabisa wa msafara, ili kelele zake zisiwatishe farasi. Kufikia mwaka 1920, waliokuwa nyuma walikuwa wamekwisha kuchukua mbele: majukwaa yote ya maua yaliendeshwa kwa injini.

Kilichobaki ni desturi. Mwaka 1893, Januari 1 iliangukia Jumapili. Waandaaji walihofu kwamba msafara ungewashtua farasi waliofungwa nje ya makanisa na kuvuruga ibada, wakausogeza hadi Jumatatu. Makanisani hakuna tena farasi wa kufungwa, lakini kanuni haikufutwa. Januari 1, 2023 ilipokuwa Jumapili, gwaride lilifanyika Januari 2.

Sharti la mapambo nalo ni kali. Kila sehemu ya jukwaa inayoonekana lazima ifunikwe kwa maua au vitu vingine vya asili, kama majani, mbegu na magome. Kwa sababu hiyo, siku za mwisho wa Desemba watu wengi wa kujitolea hukesha wakibandika ua moja moja.

Farasi wenyewe hawakufukuzwa. Vikundi vya wapanda farasi hushiriki kila mwaka, wakipita katikati ya majukwaa ya injini katika msafara ambao hapo mwanzo ulikuwa wao peke yao.