Munaku wa Mityana na Wanawake wa Siku za Mashahidi

Tumesikia mara nyingi majina ya Mashahidi wa Uganda yakisomwa kanisani, nasi twayaitikia kwa furaha. Ni majina 22 ya Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, na yote ni ya wanaume. Hatunung'uniki kwa hayo. Lakini mwalimu anayewafundisha watoto habari hizi hukosa raha akiulizwa na msichana: Je, mama zetu walikuwa wapi siku zile? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo.

Tena latuhusu sisi wa upande huu wa ziwa. Misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892 na Mapadre Weupe waliotoka Buganda baada ya vita, na Wakristo wa Kiganda walikuwa pamoja nao. Imani tuliyoipokea ilikwisha kupita mikononi mwa watu wale, waume kwa wake.

Mapadre wa kwanza walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 wakaondoka kwa ajili ya hatari, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini ya ziwa, hata mwaka 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na padre wala misa. Waliobaki wakafundishana wenyewe kwa wenyewe. Huko Mityana, katika nchi ya Ssingo, wakakusanyika chini ya Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali. Noe alikuwa mfinyanzi, mtu wa kazi ya udongo, si mtu wa ikulu. Dada yake mdogo aliitwa Munaku, msichana wa miaka kama 18, naye alikuwa akijifunza dini.

Yafaa tukumbuke hali ya wanawake wa Buganda wakati ule. Hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mume walichaguliwa, na katika vita au uporaji walihesabiwa pamoja na ng'ombe na mbuzi kuwa nyara. Hata binti za Kabaka hawakuwa huru, maana desturi iliwakataza kuolewa. Mwanamke aliweza kuheshimiwa sana, lakini neno la kusema, "Nafsi yangu naitoa mwenyewe kwa nimtakaye," halikuwako.

Mwezi wa Mei 1886 Kabaka Mwanga akawageukia wasomaji. Askari wake wakaja Mityana, na tarehe 31 Mei wakamwua Noe kwa mikuki. Wanawake walikuwa wamejificha. Munaku akatoka mafichoni, akawafuata wauaji, akawaambia kwamba kaka yake amekufa kwa ajili ya dini yake, na yeye ni wa dini ile ile, basi wamwue naye. Hawakumwua. Wakamchukua mateka.

Hapa ndipo jaribu lake lilipoanza, nasi twaona lilikuwa gumu kuliko mkuki. Mkuki ni kazi ya saa moja. Mkubwa wa askari wale alitaka kumfanya mke wake, na mateka hana mahari wala ndugu wa kumsemea. Kwa Kiganda jina lenyewe, Munaku, lamaanisha maskini, mtu mwenye dhiki. Alibembelezwa, akakataa. Akatishwa na kufungwa, akakataa vile vile. Mwisho yule mtu akachoka, akakubali kumtoa kwa fidia, na Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akamkomboa kwa bunduki na risasi zake.

Wako wanaopenda kuipita habari hiyo ya bunduki upesi. Sisi hatuoni sababu. Ndiyo bei ya binadamu katika nchi ile siku zile, na mapadre waliilipa mara nyingi kwa ajili ya watoto na wasichana. Lakini tusiseme kwamba bunduki ndiyo iliyomfanya Munaku kuwa huru. Bunduki ilimtoa kifungoni tu. Neno la kukataa alikuwa amekwisha kulisema peke yake, wala hapakuwa na padre karibu.

Mwaka ule ule wa 1886 akabatizwa, akaitwa Maria Matilda, akaweka nadhiri ya ubikira. Hakuwa na mfano wa kuufuata. Masista hawajafika bado nchini. Akawatunza na kuwafundisha wasichana waliokombolewa kama yeye.

Wakati huo huo, upande wa wakubwa, alikuwako Klara Nalumansi, dada yake Mwanga. Alipopewa ulinzi wa kaburi la Kabaka Jjunju, akachoma moto hirizi zilizokuwa humo. Akaolewa na Mkristo, Yosefu Kaddu, jambo lisilosikika kwa binti wa Kabaka. Kisha akaharibu kitovu chake kilichohifadhiwa tangu kuzaliwa na kupewa heshima kama pacha wake. Wazee wa nchi hawakuweza kuyavumilia hayo, na kabla enzi ya kwanza ya Mwanga haijaisha, alipigwa risasi akafa. Jina lake halimo katika orodha ya Mashahidi.

Masista Weupe walifika Buganda mwaka 1899, wakakuta wasichana wanaotaka kuishi kama Munaku. Wazazi wengi hawakupenda, nasi twawaelewa: binti ni mahari ya kaka yake, ni wajukuu, ni jina la marehemu kuitwa tena nyumbani. Wasichana hawakurudi. Mwaka 1910 wakasimamishwa kuwa shirika lao wenyewe, Bannabikira, yaani Binti za Bikira, chini ya uongozi wa Mama Mechtilde. Tangu siku ile msichana mmoja alipomkataa mume akiwa kifungoni, hata shirika hilo kusimama, ilikuwa miaka 24.