Vyuma vya Miguu Vilikwenda Wapi?

Biharamulo bado ina boma lake la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, na mgeni hakosi kuonyeshwa. Vyuma vya miguu walivyovaa watoto wa polio miaka ya 1960 na 1970 ni vigumu zaidi kuvipata. Si kwamba watu walivipuuza. Chuma kilikuwa mali, na mali haifungiwi kabatini wakati mtoto wa jirani anatambaa.

Polio ilianza kwa homa ambayo mzazi angeweza kuidhania malaria. Siku chache baadaye mguu ulilegea, kwa kuwa virusi vimeharibu neva zinazoendesha misuli. Misuli ya paja ikishapooza, goti halibebi uzito. Linakunjika na mtoto anaanguka. Hapo ndipo vyuma vilipoingia: fito mbili pembeni mwa mguu, mikanda ya ngozi ya kushika paja na goti, na ncha za chini zilizochomekwa kwenye kisigino cha kiatu. Goti likikaa limenyooka, mtoto anasimama.

Vyuma vya Ulaya vilikuwa ghali, na vikivunjika fundi wake yuko ng'ambo. Mwaka 1960 Ronald Huckstep, daktari Mwingereza wa mifupa, alifika Kampala, akafundisha Chuo Kikuu cha Makerere na kutibu katika hospitali ya Mulago hadi 1972. Alibuni vyuma vya bei nafuu: fito za chuma cha kawaida, ngozi na kiatu chenye soli ya mbao, vitu ambavyo karakana ya hapa hapa ingevimudu. Havikupendeza macho, lakini viliwasimamisha watoto wengi.

Upande wetu Tanzania, hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilifunguliwa 1971. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa watu wenye ulemavu, Moshi ilipata TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Kwa mzazi wa Biharamulo hata Bugando ilikuwa safari: basi hadi Busisi, kisha kusubiri kivuko cha kwenda Kigongo (daraja lilifunguliwa Juni 2025 tu). Na safari moja haikutosha, maana mfupa wa mtoto haungoji nauli. Chuma kilichomkaa vizuri mwanzoni mwa mwaka kingeweza kumbana kabla mwaka haujaisha.

Huko Marekani vyuma vya Rais Roosevelt, aliyepooza mwaka 1921, vimehifadhiwa Hyde Park, na makumbusho ya Smithsonian yana vingine vya watu wa kawaida. Nchi yenye vyuma vya ziada inaweza kuviweka kwenye kabati la kioo. Kwetu fito iliyo nzima ilikuwa na kazi nyingine: mkanda mpya wa ngozi, kiatu kingine, mguu mwingine.

Kisha chanjo ikafanya kazi yake. Mpango wa taifa ulianza 1975, mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa huru na virusi vya polio hiyo. Waliovaa vyuma wakiwa wadogo sasa ni watu wazima, wengine wajukuu wamewazunguka, na wengi wao hawana hata picha ya vyuma hivyo.

Leo kifaa cha miguuni kwa mtoto mchanga kinaelekea zaidi kuwa cha nyayo za kupinda, hali inayompata takriban mtoto 1 katika kila 1,000. Baada ya kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu hadi afike miaka minne au zaidi. Muundo unaotumika sana Afrika Mashariki ulibuniwa Uganda na fundi Mholanzi, Michiel Steenbeek, ili fundi viatu na mchomeleaji wa kawaida waweze kuutengeneza. Kisigino cha kiatu kina tundu dogo pembeni: mama huchungulia humo kuona kama kisigino cha mtoto kimekaa chini. Vikimbana mtoto, viatu hivi navyo vinaweza kurudi kliniki kwa mwingine, kwa hiyo anayetaka jozi moja kwa ajili ya makumbusho aiombe mapema.