Keria ya Mjomba

Ukimwona kijana wa Morogoro mjini ameng'oa keria na madigadi ya baiskeli yake ili ionekane ya kisasa, usimcheke. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilipomaliza kidato cha nne, mjomba alinipa Phoenix yake. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni spana.

Mjomba akaniangalia, akauliza: "Mwanangu, unajua hiyo keria imerithi kazi ya nani?"

Sikujua. Nikaanza kusoma na kuwauliza wazee.

Kabla ya reli, mzigo mwingi uliopita hapa ulipita kichwani au begani mwa mtu. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipitia Simbamwene, chini ya Uluguru. Stanley alipita hapo na wapagazi wake mwaka 1871. Mwaka 1907 reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro. Lakini reli haipandi mlima! Kule Matombo na Kinole watu waliendelea kuteremsha ndizi kwa vichwa vyao, mpaka baiskeli ilipowapokea sehemu ya mzigo.

Na baiskeli haikutoka kiwandani ikiwa tayari kwa mkungu wa ndizi. Keria yake ni ya furushi dogo. Fundi wetu huongeza nondo mbili kutoka keria hadi ekseli ya nyuma, ili uzito ushukie hapo. Madigadi huyainua kidogo, nafasi ya kidole hivi. Mashariki ya Uluguru mvua ni nyingi, na tope jekundu likijaa kati ya bati na tairi, gurudumu linagoma. Kamba ni mpira wa tyubu kuukuu, unaobana mzigo hata barabara ikiwa mashimo matupu.

Ndipo nikakumbuka. Mjomba alikuwa akitoka Matombo usiku, anapita Mkuyuni na Kiroka, alfajiri yuko sokoni mjini. Ada yangu ya shule ilikaa juu ya nondo zile. Nami nilitaka kuzing'oa kwa sababu washikaji wa kijiweni wangenicheka!

Spana nikairudisha kwa mwenyewe. Siku hizi napanda milimani na baiskeli ileile kutafuta habari za riwaya yangu. Keria imebeba blanketi, sufuria na madaftari. Mzigo wangu ni mwepesi kuliko wa mjomba, lakini bado sijaufikisha sokoni.